Namna ya Kupiga Picha Magari ya Zamani Arusha na Moshi

Magari ya zamani ya Arusha na Moshi ni magari yaliyofanya kazi. Yamebeba kahawa kutoka vihambani, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, hadi kwenye maghala ya ushirika, yamewahisha wagonjwa kwenye hospitali za misheni, yamepeleka watalii Ngorongoro enzi za vumbi tupu, na mengine bado yanashusha mchanga na mbolea mpaka leo. Ukienda kuyapiga picha, usitafute mng'ao peke yake. Tafuta kazi: bati lililonyooshwa kwa nyundo, kiti kilichoshonewa turubai, taa ya nyuma iliyotolewa kwenye gari la aina nyingine ikakubali. Picha ya gari la zamani isiyoonyesha mikono iliyolifikisha hapa, kwangu mimi, bado haijakamilika.

Mwongozo huu ni wa mwenye simu ya kawaida au kamera ndogo. Huhitaji kuwa mpiga picha wa kulipwa. Unahitaji kuamka mapema, kujua unachokitazama, na kuwa na adabu.

1. Jua utayakuta wapi

Usisubiri maonyesho makubwa tu. Yakitokea ni sikukuu kweli: Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na mamia ya magari hayo, ya shamba, ya utalii na ya watu binafsi, yakaandamana kwa msafara mmoja. Zipo pia mbio za magari ya zamani za East African Safari Classic, zilizoanza 2003 kuenzi mbio za Safari ambazo nazo zilianza 1953. Mara kadhaa mbio hizo zimevuka mpaka kutoka Kenya zikaingia Arusha, na magari yakalala mjini. Hiyo ni nafasi adimu ya kuona Porsche 911, Datsun 240Z na Ford Escort zikiwa na tope la siku nzima, mafundi wako chini yake na tochi mdomoni. Njia hubadilika kila mara, kwa hiyo fuatilia matangazo ya waandaaji kabla ya kupanga likizo.

Siku za kawaida utayakuta kwingine: kwenye misafara ya harusi, kwenye mikusanyiko midogo ya wenye magari siku ya Jumapili, na zaidi ya kote, gereji. Mimi nikilazimika kuchagua kati ya uwanja wa maonyesho na gereji nzuri ya fundi mzee, nachagua gereji. Uwanjani gari limeoshwa na boneti imefungwa. Gereji limefunguliwa, na anayelijua yuko hapo hapo, ameshika spana.

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita kama 80 tu, kwa hiyo mtu wa mji mmoja ana miji miwili ya kutafutia.

2. Lijue gari kabla hujainua kamera

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha picha na picha. Ukijua alama zinazotofautisha toleo moja na jingine, utajua usimame wapi.

Anza na Land Rover, maana ndiyo utakayoiona zaidi. Ilizinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, hivyo bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini. Ndiyo sababu utaona Land Rover ya miaka ya 1950 imebonyea kila upande lakini bodi haina kutu, ilhali chasisi yake, ambayo ni ya chuma, imechomelewa mara nyingi. Historia ya gari hilo iko chini. Omba ruhusa, tandika kadibodi, lala, piga picha ya viraka vya chasisi. Ni picha ambayo hakuna mwingine uwanjani atakuwa nayo.

Toleo la kwanza la Land Rover, Series I, lina ubavu bapa. Series II, iliyotoka 1958, ina ubavu uliotuna kidogo chini ya madirisha, na mstari wa utuno huo unakwenda kutoka mbele hadi nyuma. Ukisimama pembeni asubuhi, jua likiwa chini, mstari huo utaonekana wazi. Saa sita mchana utapotea. Taa za mbele za magari hayo ya awali ziko ndani, zimekaribiana kama macho ya bundi, upande huu na huu wa ule wavu wa mbele ambao mafundi huuita shoo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilihamishiwa kwenye madigadi. Series III ilikuja 1971 na shoo ya plastiki badala ya waya, na mita zikatoka katikati ya dashibodi zikawekwa mbele ya dereva. Kwa hiyo picha ya dashibodi pekee inaweza kukuambia umri wa gari.

Angalizo: usikate shauri kwa alama moja. Gari lililoishi miaka hamsini Tanzania limeazima spea kwa ndugu zake. Shoo ya Series III kwenye Series IIA, yaani Series II iliyoboreshwa, si kitu cha ajabu, wala injini ya dizeli ya Kijapani chini ya boneti ya Kiingereza. Wapo wanaoona hilo ni kasoro. Mimi naliona ni sehemu ya gari hilo, na napenda lionekane pichani. Ukikuta shoo iliyosogezwa mbele hadi usawa wa taa, na chini kuna koili badala ya springi za majani, hiyo ni Land Rover One Ten ya kuanzia 1983 au mdogo wake Ninety. Jina la Defender lilikuja baadaye, 1990.

Peugeot ina mashabiki wake, tena wenye hoja. 404 ilitoka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Wazee walioona magari hayo yakipita hawahitaji kuelezwa kwa nini waliyanunua. Ipige 404 kutoka nyuma kwa pembe, kwenye mabawa madogo yanayoishia juu ya taa. 504, iliyotoka 1968, ina taa za mbele zilizokatwa kwa mshazari na buti yenye mkunjo unaoshuka ghafla. Simama ubavuni, nyuma kidogo ya gurudumu la nyuma, na huo mkunjo utausoma vizuri. Ukikuta ile ndefu aina ya stesheni wagoni yenye safu tatu za viti, piga ndani pia. Hiyo ilisafirisha koo nzima.

Volkswagen Beetle ndiyo iliyoshinda Safari ya kwanza kabisa, 1953. Injini iko nyuma na inapozwa kwa hewa, haina rejeta. Kioo cha nyuma ndicho cheti chake cha kuzaliwa: kilichogawanyika vipande viwili ni cha hadi 1953, cha umbo la yai ni cha hadi 1957, na baada ya hapo ni cha mstatili kilichozidi kukua. Kwa hiyo Beetle isipigwe mbele tu.

Toyota Land Cruiser FJ40 ilitengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984. Bodi yake ni ya chuma, na kutu huanzia kwenye kingo za milango na kona za sakafu. Huku juu, mbali na chumvi ya bahari, nyingi zimepona kuliko zilizoishi Tanga au Dar es Salaam. Utakutana pia na Morris Minor, Mercedes za dizeli za miaka ya 1970, Kombi, na malori ya Bedford. Kanuni ni ile ile: uliza ni kipande gani kinachobadilika toleo hadi toleo, kisha kipige hicho.

3. Panga siku yako kwa jua la hapa

Maelekezo mengi ya kupiga picha yameandikwa na watu wa nchi za mbali na ikweta, ambako jua la jioni hukaa chini kwa muda mrefu. Hapa halikai. Arusha na Moshi ziko nyuzi tatu na ushee kusini mwa ikweta. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro robo asubuhi kutegemea mwezi, na likitoka linapanda wima. Mwanga laini wa pembeni unaupata kama saa moja hivi. Kufika saa mbili na nusu vivuli vimeshakuwa vigumu. Saa sita mchana mwanzoni mwa Oktoba, na tena karibu na katikati ya Machi, jua liko utosini kabisa: paa linawaka, magurudumu yamezama kwenye giza, na ubavu wa gari hauna umbo.

Kwa hiyo fika wakati magari yanaingia, si wakati wa hotuba. Ukiweza kufika saa kumi na mbili na nusu, fika. Utapata pia jambo la pili: uwanja hauna watu, na wenye magari wanapangusa vumbi bila haraka. Kisha pumzika mchana, uje tena kuanzia saa kumi na moja jioni.

Sasa suala la mlima, maana kila mtu anataka gari lake na mlima nyuma. Mlima Meru uko kaskazini mwa jiji la Arusha, na Kilimanjaro iko kaskazini mwa Moshi. Maana yake ukipiga gari na mlima, unatazama kaskazini, na jua la asubuhi liko mkono wako wa kulia. Mwombe mwenye gari aelekeze pua kusini-mashariki. Jua litapiga uso wa gari, na ubavu wa dereva utakuwa na kivuli chepesi kinachochora mikunjo ya milango. Jioni geuza: pua kusini-magharibi. Mwezi Desemba jua la mchana hupita kusini, nyuma yako, na mlima unaangaziwa vizuri. Juni na Julai hupita kaskazini, likikujia usoni, kwa hiyo picha ya mlima miezi hiyo ni ya asubuhi au jioni pekee, kama mlima wenyewe umekubali kutoka mawinguni. Kilimanjaro hasa huonekana alfajiri na mapema asubuhi, halafu wingu linafunika. Usianze na picha za karibu ukidhani mlima utakusubiri.

Ili mlima uonekane mkubwa nyuma ya gari, rudi nyuma hatua nyingi, kisha vuta kwa zumu ya mara mbili au tatu. Ukisogea karibu na lenzi pana, gari litakuwa kubwa na mlima utakuwa kilima.

Na ile Arusha ya Juni hadi Agosti, ya baridi na wingu tangu asubuhi, ambayo watu wengi huilalamikia? Kwa magari ni neema. Wingu husambaza mwanga sawasawa, rangi nyeusi na nyekundu hutoka zilivyo, na kromu haikuchomi macho. Siku ya wingu unaweza kupiga hadi saa saba mchana bila shida, mradi usiweke anga jeupe kwenye picha. Inamisha kamera, jaza fremu kwa gari na miti.

4. Vifaa

Simu yenye nafasi ya kutosha, chaji ya akiba, na kitambaa laini cha kufutia lenzi kila baada ya muda mfupi, kwa sababu vumbi letu jekundu hukaa kwenye lenzi na kufanya picha iwe na ukungu. Kama una kamera, lenzi ya milimita 50 au 85 inatosha kwa karibu kila kitu. Kichujio cha polaraizi kinafaa kupunguza mng'ao wa vioo na rangi. Kizungushe taratibu huku ukitazama, ukisimamishe pale mng'ao unapopungua. Ongeza karatasi moja nyeupe ya manila, zile za kufundishia shuleni. Matumizi yake yanakuja.

Vaa nguo za rangi iliyopoa. Shati jekundu au jezi ya timu yako itaonekana kwenye kila mlango uliong'arishwa.

5. Salimia kwanza

Gari la zamani mara nyingi lina mzee, na mzee hapigwi picha wala mali yake haipigwi picha na mtu asiyemsalimu. Weka kamera chini, mwendee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Hongera kwa gari, limetunzwa. Naomba kulipiga picha chache, na kama una nafasi unisimulie habari zake."

Hayo yanatosha. Usianze kwa kuuliza kama linauzwa. Anayelipenda gari lake amechoshwa na swali hilo, na anayeliuza atakuambia mwenyewe. Kama mwenye gari ni mama, maneno ni yale yale kwa "mama", na usimwulize mume wake yuko wapi. Muulize fundi pia jina la kazi aliyoifanya: nani alinyoosha bodi, rangi ilipigwa wapi, spea zinatoka wapi, kipande kipi kilichongwa hapa hapa. Kaa umsikilize. Majibu ndiyo orodha ya picha zako. Akikuambia usukani ni ule ule alioushika baba yake, basi usukani huo na mikono yake juu yake ni picha ya lazima.

Mambo ya kuepuka ni machache na yanajulikana: usiegemee bodi, usiguse kromu, usifungue mlango bila kuambiwa, usiweke soda wala sahani ya nyama choma kwenye boneti. Vua begi mgongoni unapopita kati ya magari, kwa sababu zipu na bizimu ya mkanda huchora rangi kabla hujajua. Ukiwa na mtoto, mshike mkono, kisha mwombe mwenye gari amruhusu kukaa kwenye usukani dakika moja. Wengi hukubali kwa furaha.

Droni usiirushe bila kibali. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, inasimamia jambo hilo na haina mzaha.

6. Piga kwa mpangilio huu

Zunguka gari zima kwanza bila kupiga. Tazama nyuma yake kuna nini: nguzo ya umeme inayoota kwenye paa, turubai la bluu la muuza vinywaji, pikipiki. Hatua mbili kushoto au kulia huondoa nusu ya fujo hiyo. Kama haiondoki, chuchumaa, ili anga au miti ichukue nafasi yake.

Kisha picha ya utambulisho: gari zima, kwa pembe, uso na ubavu vikionekana pamoja. Shusha kamera hadi usawa wa taa za mbele. Kosa linaloharibu picha nyingi za magari ni kupiga ukiwa umesimama wima. Gari linaonekana limebanwa, paa kubwa, magurudumu madogo. Rudi nyuma hatua sita au zaidi na utumie zumu ya mara mbili, kwa sababu lenzi pana ya simu iliyo karibu huvimbisha pua ya gari na kulipotosha umbo alilochora mbunifu. Mwombe mwenye gari akunje usukani kidogo ili uso wa gurudumu la mbele ukuelekee wewe, si ukingo wa tairi. Kwa sababu usukani wetu uko kulia, simama mbele upande wa kulia wa gari ukitaka dereva aonekane vizuri.

Mwanga wa simu usiuachie simu. Gusa skrini kwenye bodi ya gari, shikilia hadi fokasi ijifunge, kisha telezesha kidole kurekebisha mwanga kidogo. Gari jeupe likiachwa lijipimie litatoka la kijivu, na jeusi litatoka limepauka. Kwa jeupe pandisha kidogo, ukichunga sehemu zinazowaka; kwa jeusi shusha. Mwenye kamera aanze na tundu la lenzi la f/8 na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isiyopungua 1/250 ya sekunde, kisha arekebishe.

Baada ya hapo sogea kwenye vipande. Hapa usiwe na haraka. Nembo ya boneti, kishikio cha mlango kilicholika kwa vidole vya miaka mingi, mita ya mwendo inayosoma maili badala ya kilomita, bamba la namba ya chasisi, pedali ya klachi iliyoisha upande mmoja, mshono wa kiti, rangi tatu zinazoonekana pale palipokwaruzika, kila moja ikiwa ya mmiliki au ya zama zake. Jaza fremu kwa kipande kimoja. Picha ya kishikio kimoja ina nguvu kuliko picha ya mlango mzima wenye vitu vitano.

Kromu ina tabia ya kukuonyesha wewe. Bampa na kapi, vile vifuniko vya magurudumu, huwa na sura yako, simu yako na watu kumi walio nyuma yako. Usisimame sawia nayo. Simama kwa mshazari, umbali wa kutosha, na uvute kwa zumu. Au tumia tabia hiyo: subiri hadi mlima, au safu ya mijakaranda iliyochanua mwezi Oktoba, au uso wa mwenye gari, uingie kwenye duara la kapi, na upige hicho. Hizo ni picha ambazo mtu huzitazama mara mbili.

Ndani ya gari ni giza na nje kuna jua kali. Usitumie flashi, itang'arisha vumbi la dashibodi na kuua kila kitu. Mwombe mwenye gari afungue mlango wa upande wa kivuli, weka ile karatasi ya manila nyeupe mahali ambapo jua linaipiga, na uielekeze ili irudishe mwanga ndani. Kaa kiti cha nyuma, gusa skrini kwenye usukani, na uache nje kuwe kweupe kupita kiasi kama ni lazima. Karatasi hiyo hiyo, ikilazwa chini mbele ya bampa, nje kidogo ya fremu, huondoa kivuli kizito chini ya shoo.

Injini: boneti wazi, mwanga wa kivuli, pembe ya juu kidogo. Omba injini iwe imezimwa na imepoa, halafu tafuta kilichotengenezwa kwa mkono. Mpira uliofungwa kwa waya, kiegemeo kilichochomelewa, kabureta iliyosafishwa hadi ikarudi rangi yake. Mweke fundi kwenye picha. Usimwambie atabasamu, mwache aendelee na kazi, na upige wakati mikono yake imefika kwenye kitu.

Magari yakianza kuondoka, usifunge begi. Simama mahali salama, nje ya barabara, kwenye upande wa ndani wa kona ambapo hakuna gari litakalokufuata likiteleza. Ukiwa na kamera, weka shata 1/60, mfuate gari kwa kuzungusha kiuno, si mikono, bonyeza huku ukiendelea kuzunguka. Gari litatulia na barabara itachanika kwa mwendo, magurudumu yakionekana yanazunguka. Kwa mwendo wa taratibu wa msafara shuka hadi 1/30. Picha nyingi zitaharibika, na hiyo ni kawaida ya kazi hiyo hata kwa waliobobea. Kwenye simu tumia mpangilio wa kupiga mfululizo, kisha chagua. Shata ya kasi sana hugandisha magurudumu, na gari linalokwenda huonekana limeegeshwa katikati ya barabara.

7. Weka kamera mfukoni

Kuna vitu ambavyo picha haishiki. Omba gari liwashwe. Sikiliza Beetle inavyopuliza kutoka nyuma, kisha dizeli ya Mercedes inavyogonga kwa utulivu ikiwa baridi, kisha Land Rover ikiingiza gia ya kwanza. Ukitaka kurekodi, laza simu kwa upana, nyamaza, na rekodi sekunde thelathini tangu ufunguo unapozungushwa. Usisimulie juu yake. Mlio wa injini ya aina fulani ukiisha mjini huwezi kuurudisha kwa kukumbuka.

Ukialikwa kukaa ndani, kaa. Harufu ya petroli, ngozi kuukuu na vumbi la Manyara lililoingia tangu zamani itakufundisha kuhusu safari za wakati ule kuliko maelezo marefu. Angalia jinsi kioo cha mbele kilivyo kidogo, jinsi hakuna mkanda, jinsi usukani ulivyo mpana kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuusaidia kuzunguka. Halafu mpe mkono aliyekualika.

8. Ukifika nyumbani

Hamisha picha usiku huo huo, na ziweke mahali pawili: kwenye kompyuta au diski na mtandaoni. Futa zilizotikisika. Kwa kila gari bakiza picha chache: moja ya utambulisho, kadhaa za vipande, moja yenye mtu. Unapozirekebisha, nyoosha upeo, shusha sehemu zinazowaka, rudisha kidogo vivuli, na uache rangi. Gari la kijani kilichopauka lililopigwa jua miaka arobaini si la kijani kibichi. Ukiongeza rangi unalifuta.

Kabla ya kuzirusha mtandaoni, funika namba za usajili, isipokuwa mwenye gari amesema hapana shida, na usitaje gari linalala wapi. Spea za magari haya ni adimu na wezi wanalijua hilo.

Andika maelezo ungali unakumbuka: aina ya gari, toleo, mwaka kama mwenyewe anaujua, injini iliyomo sasa, fundi aliyefanya kazi na mji wake, na neno moja au mawili ya aliyekusimulia, kwa idhini yake. Majina ya faili yawe na mwaka, mji na gari, kwa mfano 2025-Moshi-Peugeot404-01. Gari likiuzwa kama chuma chakavu, na mengi yanauzwa kila mwaka bila mtu kuyapiga hata picha moja, hayo maandishi ndiyo yatakayobaki ya kusoma.

Mwisho, chapisha. Nenda studio, toa nakala mbili za karatasi za ukubwa wa kutosha kutundikwa, moja ya gari na moja ya fundi kazini. Mpelekee kila mmoja yake, nyuma ukiwa umeandika tarehe na mahali. Usimtumie kwa simu tu. Wazee wengi wa magari haya wanataka kitu cha kuweka ukutani gereji, na fundi aliyeona picha yake imetundikwa ndiye atakayekupigia simu siku ambayo Series I itakapoingizwa gereji ikivutwa kwa kamba.